Nafasi moja baada ya /usr: kisa cha seva ya Moshi na njia tatu za kuwa root

Kampuni inayohusika inapandisha wageni Mlima Kilimanjaro na ofisi yake iko Moshi mjini. Jina lake si la lazima hapa. Seva wanayoitegemea ni kompyuta ya mezani iliyokaa chumba cha nyuma, jirani na stoo ya mahema, na inaendesha Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Ndani yake umo mfumo mdogo wa orodha: kila msafara na wageni wake, waongozaji, wapishi na wagumu wake (wabeba mizigo), siku walizokaa mlimani na fedha anayodai kila mmoja. Msafara ukishuka geti la Mweka, mhasibu anafungua orodha, watu wanalipwa na kwenda makwao. Orodha isipofunguka, watu waliobeba mizigo ya wengine kwa wiki nzima wanabaki wamekaa kwenye benchi la ofisi wakisubiri. Natanguliza hilo kwa sababu ubishi wa su na sudo, amri mbili za kupata mamlaka ya root (akaunti kuu inayoruhusiwa kufanya lolote kwenye mashine), huendeshwa kama ushabiki wa Simba na Yanga, na anayeumia mashine ikigoma huwa hajawahi hata kusikia majina ya hizo amri.

Seva hiyo ilikuwa na mafundi watatu, kila mmoja na mazoea yake ya kupata mamlaka ya root.

Wa kwanza nitamwita Mzee. Ndiye aliyeifunga mashine, yaani aliyeweka mfumo wake, na bado huitwa kama mshauri. Yeye huandika `su -`, anaweka nywila ya root, anafanya kazi yake, anatoka. Wakati wa kufunga Debian huulizwa nywila ya root: ukiiacha wazi, akaunti ya root inafungwa na mtumiaji wa kwanza anaingizwa kwenye kundi la sudo; ukiijaza, root anabaki na mlango wake mwenyewe na mtumiaji wa kawaida hapewi sudo. Mzee aliijaza, na swali hilo moja la siku ya kwanza ndilo lililoamua kisa hiki kitaishaje.

Wa pili ni Dada, mwajiriwa wa kudumu. Alipoanza kazi aliomba sudo iwekwe kwenye mashine, akaingizwa kwenye kundi lake, na tangu hapo anaandika sudo mbele ya kila amri inayohitaji mamlaka. Nywila ya root haijui na hajawahi kuiomba. Wa tatu ni Kijana, msaidizi wake. Yeye akifika kazini anaandika `sudo su -`, anakuwa root, anakaa humo mpaka amalize anachofanya.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, msimu umepamba moto. Mchana mfumo wa orodha ulikataa kupokea picha za vitambulisho vya wagumu wapya, ukidai hauna ruhusa ya kuandika kwenye folda yake, ambayo ni `/usr/local/orodha`. Kijana alikuwa tayari ndani ya root. Akaandika amri ya kuikabidhi folda hiyo na vyote vilivyomo kwa `www-data`, akaunti ya mfumo huo:

`chown -R www-data:www-data /usr /local/orodha`

Angalia baada ya `/usr`. Kidole kiligusa kitufe cha nafasi. Badala ya anwani moja, amri ikapata mbili: folda nzima ya `/usr`, zinakokaa programu za mashine, kisha `/local/orodha` ambayo haipo. Ya kwanza ilitekelezwa kimya. Ya pili ikatoa lalamiko kwamba folda haionekani. Kijana aliliona lalamiko hilo, akajua amekosea kuandika, akairudia amri vizuri, picha zikapokelewa, akatoka. Kwa macho yake tatizo lilikuwa limekwisha, na kusema kweli kila kilichoonekana kwenye skrini kilimuunga mkono.

Kosa la nafasi moja lina historia yake. Mwaka 2011 mradi wa Bumblebee, wa kuendesha kadi za Nvidia kwenye kompyuta za mkononi, ulitoa skripti ya kufunga programu iliyokuwa na nafasi iliyozidi baada ya `/usr` ndani ya amri ya `rm -rf`, na watumiaji walioiendesha wakafutiwa `/usr` nzima. Walioandika skripti ile walikuwa wanajua kazi yao. Kwa hiyo yeyote anayedhani kisa hiki ni cha uzembe wa kijana mmoja wa Moshi, namwomba aliweke wazo hilo pembeni.

Saa kumi na moja jioni msafara ukawa umeshuka. Mhasibu akafungua orodha, ikakataa kuhifadhi malipo: diski imejaa. Hilo halikuwa geni, maana root hutengeneza nakala za akiba za hifadhidata kila usiku na Dada huzifuta za zamani kila Ijumaa. Akaandika sudo na amri yake ya kila wiki, akajibiwa:

`sudo: /usr/bin/sudo must be owned by uid 0 and have the setuid bit set`

Yaani sudo yenyewe inakataa kufanya kazi kwa kuwa mmiliki wa faili lake si root tena, na ile biti ya setuid, alama kwenye faili inayoiruhusu kuendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki, imeondoka. Dada akampigia Mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi imegoma. Sudo haifanyi, na wagumu wako nje wanasubiri hela."

Mzee akaingia kwa ssh kutoka nyumbani kwake, akaandika `su -`, akaweka nywila anayoitumia tangu mashine ilipofungwa. `Authentication failure`. Akarudia polepole, herufi kwa herufi. Jibu lile lile. Swali lake lililofuata lilikuwa la mtu aliyeumia: "Mwanangu, nani kabadilisha nywila yangu?" Dada akaapa hakuna aliyegusa. "Basi tumeingiliwa," Mzee akasema.

Hapo ndipo mwenye kampuni aliponiita. Nilikuta nadharia mbili mezani, kwamba kuna mwenzao kabadilisha nywila kwa siri au kwamba seva imevamiwa kutoka nje, na zote mbili zilitokana na ujumbe mmoja wa mashine usiosema ukweli wote. Nywila ya Mzee ilikuwa sahihi kabisa. `su` nayo, kama sudo, ni faili la kawaida lililopo `/usr/bin` lenye biti ya setuid. Linux inapobadilisha mmiliki wa faili la programu huiondoa biti hiyo, hata kama anayebadilisha ni root, ili mmiliki mpya asirithi mamlaka yasiyo yake. Bila biti hiyo `su` inaendeshwa kwa uwezo wa mtumiaji wa kawaida, haiwezi kusoma `/etc/shadow` zinakotunzwa nywila, inashindwa kuhakiki, na inachojua kusema ni kwamba uhakiki umeshindikana. Mtu anasoma hapo kwamba nywila ni mbaya. Urafiki wa kazi wa miaka karibu uvunjike kwa sababu hiyo.

Ukitazama vizuri, njia zote tatu za mafundi hawa zilipita kwenye kizingiti kimoja. sudo, `su`, na hata `pkexec` ya upande wa dawati, zote ni mafaili ya `/usr/bin` yanayotegemea biti ya setuid. Kwa mtu aliyekaa kwenye kibodi zinaonekana kama njia tofauti kabisa zenye falsafa tofauti. Siku ile zilikufa pamoja, sekunde ile ile.

Iliyobaki ni njia ya chumba cha nyuma. Ukikaa mbele ya seva yenyewe na kibodi na skrini, programu inayokuuliza jina na nywila imeanzishwa na mfumo na tayari inaendeshwa kama root, kwa hiyo haihitaji biti yoyote. Tulichomeka skrini, tukaandika `root`, Mzee akanitajia nywila kwa simu, tukaingia mara ya kwanza. Kama wakati wa kufunga mashine nywila ile ingeachwa wazi, akaunti ya root ingekuwa imefungwa na mlango huu usingekuwapo. Hata ile hali ya uokoaji inayochaguliwa wakati wa kuwasha ingetuambia kwamba konsoli (skrini na kibodi ya mashine yenyewe) haifunguki kwa kuwa root amefungwa. Tungelazimika kuhariri mistari ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo wakati wa kuwasha, au kutafuta flashi yenye Linux, huku watu wamekaa nje.

Kitu cha kwanza nilichofanya ndani hakikuwa kurekebisha. Niliendesha `stat /usr/bin/sudo`, kwa sababu `chown` yoyote nitakayofanya mimi ingefuta alama ya ile iliyotangulia. Mstari wa mabadiliko ulionyesha 14:52, yaani saa nane na dakika 52 mchana. Baada ya kuiandika saa hiyo nilirudisha umiliki wa `/usr` kwa root, nikaacha `/usr/local/orodha` kwa mfumo wake, nikafuta nakala za akiba za zamani. Orodha ikafunguka na mhasibu akaanza kuita majina. Kazi iliyobaki ilifanyika watu wakiwa wanalipwa.

Na ilikuwapo. Kurudisha umiliki hakurudishi biti zilizopotea. Dada alikuwa na kompyuta nyingine ya Debian 12, tukaendesha humo `find /usr -perm /6000 -ls` kupata majina ya programu zote zenye biti hizo, kisha kwenye seva tukafunga upya vifurushi vyake kwa `apt install --reinstall`: sudo yenyewe, util-linux inayobeba `su`, `passwd`, `mount`, vile vya PAM (mfumo wa kuhakiki wanaoingia), dbus, cron. Tafadhali usijaribu kuzirudisha kwa `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa za faili, na kukisia, kwani ukimpa setuid asiyestahili umefungua mlango wa kudumu. Na katika saa zile mbili na zaidi, hatari kubwa kuliko zote ilikuwa imetulia bila kuonwa: `www-data`, akaunti inayoendesha mfumo wa kwenye kivinjari, ilikuwa inamiliki `bash`, shelli inayopokea amri tunazoandika, na kila programu ambayo root huiendesha usiku. Tundu dogo kwenye mfumo wa orodha lingetosha kumpa mtu wa nje mashine nzima.

Sasa ni nani aliyefanya? Mwenye kampuni alitaka kujua, na ni haki yake. Nilifungua kumbukumbu kwa `journalctl`. Kulikuwa na mstari wa asubuhi unaoonyesha Mzee ameingia root kwa `su`, na mwingine kwamba alitoka saa tisa na dakika tano alasiri. Kulikuwa na mstari wa Kijana kabla ya saa nane, ukiishia na `COMMAND=/usr/bin/su -`. Baada ya hapo, kimya. Saa nane na dakika 52 kulikuwa na watu wawili ndani ya root, na hakuna kumbukumbu inayosema yupi aliandika nini. Faili la historia la root, `.bash_history`, lilikuwa na ile amri, ila bash huandika historia hiyo mtu anapotoka, bila jina na bila saa isipokuwa umeiwekea mpangilio wa saa. Mistari ya Mzee na ya Kijana ilifuatana bila mpaka.

Niliwaonyesha wote mstari ule kwenye skrini. Kijana akausoma, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kaka, huo ni wangu." Namheshimu kwa hilo. Lakini ofisi haiwezi kutegemea kwamba kila mara mwenye kosa atajitaja, na vilevile haikubaliki kwamba Mzee, ambaye hakufanya lolote, angeweza kutoka pale na doa kwa sababu tu alikuwa ndani ya root saa ile.

Hapa ndipo naweza kusema ninachokiamini kuhusu upendeleo wa watu. Kwenye kompyuta yako ya nyumbani tumia unachotaka. Kwenye mashine inayoguswa na zaidi ya mtu mmoja, njia ya kuwa root inapimwa kwa maswali mawili: mambo yakiharibika, kuna mahali palipoandikwa jina la aliyefanya na alichofanya? Na njia hiyo yenyewe ikiharibika, nani bado anaweza kuingia? Mazoea ya Dada yanajibu la kwanza. Mazoea ya Mzee yanajibu la pili. Mazoea ya Kijana hayajibu lolote: `sudo su -` inaacha mstari mmoja wa kuingia na haiandiki kinachofuata, huku ikitegemea kizingiti kile kile cha sudo.

Nisieleweke vibaya. Kama Kijana angeandika sudo mbele ya ile `chown`, madhara yangekuwa yale yale kwa herufi zile zile. sudo haisomi nia ya mtu. Tofauti ingekuwa kwenye kumbukumbu: mstari mmoja wenye jina lake, saa, folda aliyokuwamo, na amri nzima pamoja na ile nafasi. Ungesomeka kwenye konsoli kwa dakika moja, na ile simu ya "nani kabadilisha nywila yangu" isingefika kwenye tuhuma.

Na Kijana ana sababu zake, tena za kweli. Mtu anayeandika `sudo cd` kwenye folda iliyofungwa anagonga ukuta, kwa kuwa `cd` ni ya shelli yenyewe na si programu ya kuendeshwa. Anayeandika `sudo echo` na kuelekeza matokeo kwenye faili la `/etc` kwa alama ya `>` ananyimwa ruhusa pia, maana faili hufunguliwa na shelli yake ya kawaida kabla sudo haijaanza. Ukigonga kuta hizo kila siku bila wa kukueleza, `sudo su -` inaonekana kama akili. Nilikaa naye tukapitia `sudo tee` na `sudoedit`, njia za kuandika na kuhariri mafaili ya root kupitia sudo, na nusu ya haja yake ya kukaa ndani ya root iliisha hapo hapo. Nusu nyingine ilitokana na mfumo wa orodha kuwekwa pabaya: ungekaa `/srv`, na folda ya picha ikawa ya kundi ambalo mafundi wamo, amri ya mchana ule isingehitaji root kabisa. Tumeuhamishia huko.

Mzee naye ana hoja isiyopuuzwa. `su` imekuwapo tangu Unix ya mwaka 1971. Sudo ilianza karibu 1980 katika chuo kikuu cha jimbo la New York huko Buffalo, kwa kazi ya Bob Coggeshall na Cliff Spencer, na kizazi kilichoizoea kwenye kompyuta zao wengi kililelewa na Ubuntu, ambayo tangu toleo lake la kwanza la 2004 humfunga root. Mzee anaiona sudo kama mtambo mkubwa mno kwa kazi ndogo, na rekodi inamuunga mkono: Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro iitwayo Baron Samedit, iliyokaa ndani ya sudo karibu miaka kumi na kumwezesha mtumiaji yeyote wa mashine kuwa root bila nywila. Mwaka mmoja baadaye ikaja PwnKit kwenye `pkexec`. Jibu langu kwake ni kusasisha mashine, na tumepanga siku ya kufanya hivyo kila wiki. Ila nywila moja ya root inayojulikana na watu kadhaa ina kasoro ambayo hakuna sasisho litakaloiondoa: haina jina la mtu.

Kijana alipendekeza `doas`, mbadala wa sudo ulioandikwa na Ted Unangst na kuingia kwenye mfumo endeshi wa OpenBSD 5.8 mwaka 2015. Ni ndogo, faili lake la sheria linasomeka, naipenda. Lakini nayo ni ya setuid, ingekufa Ijumaa ile pamoja na wenzake. `run0` ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, haitumii setuid, huiomba programu hiyo ianzishe kazi mpya. Ilikuja na toleo la 256 la mwaka 2024, na Debian 12 ina la 252. Hatukukaa nayo zaidi.

Tulichokubaliana ni hiki. Root anabaki na nywila, mpya na ndefu, imeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya mwenye kampuni, na inafanya kazi kwenye konsoli tu: ssh haimruhusu root kuingia kwa nywila, na kwenye `/etc/pam.d/su` tumewasha mstari wa `pam_wheel` ili mtumiaji wa kawaida asiweze kuitumia `su`. Wote watatu, Mzee akiwamo, wana sudo kwa majina yao. Kwenye sudoers, faili la sheria za sudo, kupitia `visudo` ambayo hukagua makosa ya uandishi kabla ya kuhifadhi, tumeongeza `Defaults log_output`, hivyo hata anayefungua `sudo -i` na kukaa humo saa nzima, kilichopita kwenye skrini yake kinahifadhiwa na kinaweza kurudiwa kwa `sudoreplay`. Nywila zinazoandikwa bila kuonekana haziingii humo.

Mzee hakufurahia kurekodiwa. Alisema wazi kwamba kazi ya miaka yote haikuwahi kuhitaji kamera. Nilimwonyesha ile mistari miwili ya kumbukumbu ya Ijumaa, inayomweka ndani ya root saa nane na dakika 52, na kumuuliza angejiteteaje kama Kijana angenyamaza. Alifikiri, akakubali `sudo -i`, akakataa katakata kuandika sudo mbele ya kila amri. Sikumbishia, kwa mpangilio huu hata `sudo -i` yake inaacha jina.

Kuna jambo moja ambalo bado halijafanyika. Kumbukumbu zote hizo zinakaa kwenye seva ile ile, na yeyote aliye root anaweza kuzifuta, zile za `sudoreplay` zikiwamo. Zinatakiwa zitumwe kwenye mashine ya pili ambayo mafundi watatu hawana mamlaka nayo. Dada ameshaandika ombi la kompyuta hiyo, na mwenye kampuni amesema msimu ukipungua atalisaini.